Breki ya Boti

Mume wangu alikuwa dereva wa lori kabla ya kuwa kitu kingine chochote, kwa hiyo boti ilipofika mikononi mwake aliipa majina ya lori. Usukani wa mbao uliokuwa nyuma aliuita steringi. Sehemu ya mbele iliyofunikwa kwa mbao ilikuwa boneti. Kile kitambaa kikubwa cha kushika upepo, ambacho miaka mingi baadaye nilisikia kinaitwa tanga, kwake kilikuwa injini, na ukimuuliza kwa nini alikujibu kwamba injini ni kile kinachopeleka gari. Jiwe la kuizuia boti isiondoke lilikuwa handibreki. Halafu kulikuwa na bamba la chuma katikati ya boti, zito, lenye urefu wa kumfika mtu kiunoni. Lilishuka majini kupitia ufa uliotengenezwa makusudi sakafuni, na likavutwa juu kwa kamba. Hilo aliliita breki ya mguu.

Jina hilo halikutoka hewani. Boti ilikuwa ya bwana aliyetuajiri, mzungu mwenye shamba kubwa upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, karibu na pale panapoitwa Kamere siku hizi. Jumapili moja alikuwa akirudi ufukoni na wageni wake, bamba likiwa bado chini. Likakwama kwenye matope, boti ikasimama ghafla, na mgeni mmoja akaanguka kifudifudi. Mume wangu alikuwa amesimama pale akingoja kupokea mizigo. Akasema, "Ah, kumbe hata hii iko na breki!" Bwana alicheka hadi akashika tumbo.

Tangu siku hiyo bwana mwenyewe alikuwa akipiga kelele, "Breki juu! Breki chini!" Aliwasimulia wageni wake mezani. Mimi nilikuwa nikifanya kazi jikoni, na ingawa Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, neno breki nililisikia, na kicheko hakihitaji kutafsiriwa. Nilibeba sahani huku nimejaa fahari, kwa sababu neno la mume wangu lilikuwa limefika meza kuu. Nikikumbuka fahari ile leo, meno yangu yanasagana.

Miaka ya Hali ya Hatari ilipokuwa inaelekea ukingoni, bwana aliuza shamba. Alisema amechoka na nchi hii. Sisi tuliokuwa tumechokea humo humo shambani mwake tuliambiwa tuwe tumeondoka kabla ya masika, kwa kuwa mwenye shamba mpya angekuja na watu wake. Mume wangu alingoja kiinua mgongo. Alikuwa amemwendeshea yule mtu lori tangu kabla sijaolewa, na kila alipougua au kukosa likizo aliambiwa kwamba mwisho wa kazi atakumbukwa. Mwisho wa kazi ulipofika, bwana alimwita chini ya banda la ufukoni, akampiga begani, akamwonyesha ile boti iliyokuwa imelala pale misimu kadhaa bila kuguswa.

"Hii sasa yako," alisema. "Wewe najua breki yake."

Akacheka tena. Kesho yake alipanda gari na mbwa wake wawili na hatukumwona tena.

Inafaa nieleze tulikuwa tunataka nini na boti, maana sisi ni watu wa milimani. Kwetu maji ni ya kunywa na ya kunyweshea ng'ombe. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuogelea. Lakini tulikuwa na kipande cha ardhi kando ya ziwa, tulichoruhusiwa kulima, na mwaka ule vitunguu vyetu vilikubali kuliko wakati wowote. Barabara ya kuzunguka ziwa ilikuwa mashimo matupu, na wenye malori walidai karibu nusu ya mavuno ili kuyafikisha stesheni. Kwa boti tungekata moja kwa moja hadi upande wa mji, magunia yapakiwe kwenye treni, na shemeji yangu ayapokee Nakuru. Tukiuza vitunguu vyote kabla ya masika, tungepanga chumba huko kwenye mtaa wa Bondeni na kufungua genge la mboga pamoja naye. Tukishindwa, tungekuwa barabarani na watoto na sufuria zetu. Mambo yote nitakayosema ya kamba na misumari yalikuwa juu ya hilo tu.

Shemeji alikuwa mdogo wa mume wangu, mtu mzima mwenye biashara yake ndogo Bondeni, akiuza kabichi na viazi. Alikuwa na sauti nzito ya kanisani na maneno mengi. Mimi nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Alikuwa amepata mchumba na alinitania kila alipokuja: "Shemeji, nikioa utaenda likizo. Hii chai yako imenitesa ya kutosha." Alikuwa ameweka akiba ya mahari, na aliposikia habari ya boti aliileta yote tuichanganye na yetu. Alisema mahari itarudi na vitunguu.

Hata baada ya kuchanganya, pesa hazikutosha. Boti ilikuwa mgonjwa wa kila kiungo. Injini yake, yaani lile tanga, ilikuwa imeoza hata ukisukuma kidole kinapita. Panya walikuwa wametafuna kamba. Bawaba za steringi zilikuwa kutu tupu. Na tulipoisukuma majini kuijaribu, maji yaliingia kwa nguvu kutoka kwenye lile sanduku la mbao la katikati, linaloshika breki ya mguu. Jioni kadhaa tuliketi na kubishana kitu gani kitangulie, na ugomvi wa pesa kidogo ni mbaya kuliko wa pesa nyingi, kwa sababu kila mtu ana haki.

Mimi nilitaka madebe. Nilikuwa nimeona watoto kwenye mfereji wa shamba wakielea na debe tupu la mafuta ya taa lililozibwa mdomo. Nikasema tuyazibe kwa risasi ya kuyeyusha ya fundi wa bati na kuyafunga chini ya viti, ili boti ikijaa maji isizame na watakaokuwa ndani wapate cha kushika.

"Mama watoto," mume wangu alisema, "hayo madebe yatakula nafasi ya magunia mawili. Kila safari magunia mawili. Wewe hesabu."

Nilihesabu, na alikuwa anasema kweli. Madebe nikayaacha kwa hasira, lakini nikayaacha.

Tulienda Nakuru kununua vitu, tukiwa nyuma ya lori la mtu aliyemjua mume wangu, na lile bamba la breki tumelibeba pamoja na bawaba ili tutafute fundi wa kuvitengeneza. Hapo Kariandusi tuliwapita wachimbaji wakiwa weupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, na mume wangu akasema afadhali vitunguu. Mjini tuliingia duka la Mhindi kuulizia turubai mpya. Mwenye duka alitaja bei. Mume wangu akauliza tena, akidhani amesikia vibaya, na yule akataja ile ile. Tukatoka.

Tulipata turubai kuukuu ya lori kwa mchukuzi mmoja, yenye viraka na harufu ya dizeli. Ilikuwa nzito ajabu. Nilitandaza tanga bovu la zamani juu yake kama mtu anayekata gauni kwa kufuata gauni, nikakata, nikashona kwa cherehani ya jirani wa shemeji. Sindano zilivunjika, na pale kwenye mikunjo mikubwa niliacha cherehani nikatumia msumari na uzi wa kushonea viatu. Vidole vyangu vilipasuka. Nilijivunia kazi ile, maana mshono wangu haukuachia hata mahali pamoja.

Basi ikabaki sanduku linalovuja, kamba, lami na bawaba. Fundi seremala, tulipomweleza, alisema sanduku lile linahitaji kuundwa upya kwa mbao nzuri, na bamba lenyewe lilikuwa limelika kwa kutu pembeni na kwenye tundu la pini yake. Tungehitaji pini mpya pia. Bei yake ingemeza kila kitu. Tulikuwa tumeketi nje ya chumba cha shemeji, bamba limeegemezwa ukutani, watoto wa ploti wakiligonga kwa mawe ili lilie.

Shemeji ndiye aliyesema. "Sasa kaka, breki ni ya nini? Hiyo ziwa iko na mteremko?"

Tulicheka sote, na kicheko kilipoisha tukaona kwamba amesema jambo. Mume wangu alifikiri kama dereva. Alisema aliwahi kuteremka eskapimenti, ule mteremko mkali wa barabara kuu, lori limejaa viazi, breki ya mguu imekufa, kwa handibreki tu na gia ndogo, na akafika chini salama. Huku ziwani hakuna eskapimenti, na handibreki tunayo. Ukitaka kusimama, shusha turubai. Zaidi ya hayo, gari lenye breki inayoshika linakwenda polepole na kula mafuta. Kila dereva anajua. Boti bila lile chuma ingekuwa nyepesi na kubeba zaidi. Nami sikuona kosa katika maneno hayo. Na mpaka leo, ukinipa yale tu tuliyoyajua, siwezi kukuonyesha kosa liko wapi.

Tukaliuza bamba kwa mfua vyuma wa Bondeni. Alilipenda kwa unene wake, akatulipa bila kuvutana sana, na pesa zile ndizo zilizonunua kamba nzuri ya injini, bawaba mpya na debe la lami. Kamba zilizobaki tulichukua za katani. Kule ziwani mume wangu alipigilia ubao wa mwerezi kwenye ufa, akashindilia gunia lililolowekwa lami, akapigilia ubao mwingine juu. Boti ikakauka ndani. Uliweza kulala humo na kuamka bila kulowa. Tulisimama tukiitazama na nilifurahi kwa moyo wangu wote.

Asubuhi ziwa la Naivasha hutulia, upepo mdogo, na safari ya kwanza walikwenda na upepo ukiwasukuma kwa nyuma. Boti ilienda vizuri sana. Shemeji alikuwa amekuja kusaidia kupakia na kusafiri na kaka yake, jirani yake akipokea magunia kule Nakuru, na nilisikia sauti yake akiimba hadi walipokuwa mbali. Magunia yalifika, treni ikayachukua. Kurudi ndiko kulikokuwa na shida. Kila walipoelekeza boneti nyumbani, boti iliondoka kiubavu, ikawapeleka kwenye mafunjo ambako hawakutaka kwenda. Walishusha turubai wakapiga makasia hadi jioni, wakaja mikono imechubuka.

"Steringi iko na pley," mume wangu aliniambia, yaani imelegea. Aliikaza. Safari iliyofuata ikawa vile vile, akasema ni alainmenti, yaani haijanyooka, akaongeza ubao kwenye usukani uwe mpana zaidi. Kila ugonjwa aliutafutia dawa yake kwenye lori. Shemeji alianza kuiita boti ng'ombe, maana ilikwenda ilikotaka yenyewe. Lakini vitunguu vilikuwa vinafika, na magunia yaliyobaki shambani yalikuwa yamepungua hata unaona ardhi. Nilianza kuhesabu kwamba tungemaliza kabla ya mvua. Nilianza hata kufikiria pazia la chumba cha Bondeni.

Siku ile upepo uliamka mapema, kutoka upande wa mlima Longonot. Walikuwa wamejaza kuliko kawaida kwa sababu mawingu yalikuwa yanakusanyika na shemeji alitaka kurudi Nakuru kwa mchumba wake. Nilikuwa ufukoni na mtoto mgongoni. Mwanzo walienda sawa. Halafu upepo ukageuka, ukawapiga ubavuni, na nikaiona boti ikiondoka kwa ubavu kama inayovutwa na mtu, kuelekea kule ziwani kwenye maji mengi. Niliona mume wangu akizungusha steringi. Boti haikujali. Akazungusha tena, na safari hii ikageuka, upepo ukaijaza turubai yote kwa mkupuo mmoja, ikalala. Magunia yakaporomokea upande mmoja. Sikusikia chochote. Kutoka nilipokuwa ilikuwa jambo la kimya kabisa, na boti ikawa tumbo juu.

Nilipiga kelele hadi sauti ikakatika. Mzungu wa shamba jirani alikuwa na boti ya injini, injini ya kweli, na mfanyakazi wake alikimbia kumwita. Walimkuta mume wangu ameng'ang'ania tumbo la boti. Shemeji alikuwa amenaswa chini ya turubai. Ilikuwa nzito hata ikiwa kavu. Ilipolowa ilikuwa nzito kuliko wanaume wawili, na mshono wangu haukuachia. Walilazimika kuikata kwa kisu kumtoa. Alikuwa amekwisha kufa, jicho moja wazi.

Vitunguu vilielea. Sikuwa nimejua kwamba vitunguu huelea. Vilikuja ufukoni vingi vingi, vikijikusanya kwenye mafunjo, na watu wa mashamba walikuja na vikapu kuviokota huku maiti imelala pale pale chini ya blanketi. Niliwarushia mawe. Mwanamke mmoja aliniambia, "Pole, mama," na akaendelea kuokota.

Yule mzungu jirani aliivuta boti hadi ufukoni, na kabla polisi hawajafika aliizunguka akiitazama tumbo. Akagusa ule ubao wetu wa mwerezi kwa kiatu.

"Wapi ile chuma?" aliuliza.

"Breki tuliuza, bwana," mume wangu alijibu. Maji yalikuwa bado yanamtiririka.

Mzungu alianza kutabasamu, akidhani ni mzaha. Kisha akatutazama mmoja mmoja, na tabasamu likamwondoka.

"Ile hapana breki," alisema. "Ile nashika maji. Kama hapana ile, boti nakwenda kando, hapana nakwenda mbele. Tena napinduka upesi. Nani naambia wewe ile breki?"

"Bwana mwenyewe alikuwa anasema breki. Kila siku."

"Yeye nafanya mchezo," mzungu alisema, kwa upole. "Nyinyi hapana jua ilikuwa mchezo?"

Mume wangu aliketi kwenye matope. Mimi sikuketi. Nilikuwa na hasira ambayo haijapata mahali pa kwenda tangu siku ile. Neno moja tu la kweli lingetosha. Yule mtu alikuwa na miaka mingi ya kulisema, na kila Jumapili alichagua kicheko. Aliondoka akijua kwamba anatuachia kitu tusichokielewa, na kama hakujua, basi hatukuwa watu wa kufikiriwa hata kwa kitambo cha kuwasha sigara. Nimesali juu yake. Nimeambiwa na mchungaji nimsamehe. Sijamsamehe.

Tulimzika shemeji kwenye makaburi ya Naivasha kwa sababu hatukuwa na uwezo wa kumsafirisha. Nauli tuliyopata kwa vitunguu vya safari zile za mwanzo ilitutosha sisi kwenda milimani kumwambia mama yake, kwa maana habari kama hiyo haipelekwi kwa mdomo wa mtu mwingine. Mvua ilikuwa imeshaanza. Mama mkwe alitupokea vizuri, akadhani tumekuja kupanga harusi. Alimwita mume wangu aketi karibu na moto, akamtilia chai kwenye kikombe chake kizuri cha udongo mweupe, kile cha wageni.

Alipoambiwa, alilia kwa muda mrefu, na majirani wakaja wakalia naye. Walipotulia akageuka kwa mume wangu akataka kujua. Nini kilimuua mwanawe? Mume wangu alijaribu kueleza. Alisema kulikuwa na chuma, kinashuka chini ya boti, kinashika maji. Lugha yetu haina maneno ya vitu hivyo. Alichora kwa kidole sakafuni, akafuta, akachora tena. Wazee walimtazama wasielewe. Mama mkwe alikuwa ameshawahi kupanda lori mara kadhaa kwenda sokoni, na katika maneno yote aliyosikia alishika lile moja alilolijua.

"Breki zilikatika?" aliuliza.

Mume wangu alinitazama. Alikuwa amechoka kuliko nilivyowahi kumwona.

"Ndiyo, mama," alisema. "Zilikatika."

Mama mkwe alitikisa kichwa polepole. Ajali za namna hiyo alizifahamu. Wana wa watu wengine walikuwa wamekufa hivyo. Nikaona uso wake unaanza kulegea, nikashukuru, nikadhani yameisha.

"Na nani alikuwa anaendesha?" aliuliza.

"Mimi, mama."

Aliinuka kwa taabu, akishika nguzo. Akakichukua kile kikombe kutoka mbele ya mwanawe, kikiwa bado kimejaa, akaenda nacho hadi mlangoni, akakimwaga kwenye mvua.